Madini ya risasi kwenye rangi ya midoli: yalivyopenya hadi Mattel mwaka 2007, na kwa nini alama ya CE peke yake haitoshi

Wakala Mstaafu:

Wakuu, kule kwenye uzi wa mizigo ya China watu wamebishana kurasa nzima kama mdoli wenye alama ya CE, ile ya Ulaya ya kudai bidhaa imefuata viwango, ni salama au la. Mmoja akashusha ile ya "CE maana yake China Export" na nusu ya uzi ikampongeza. Jibu langu lilikuwa refu mno kwa pale, nikaona nilifungulie uzi wake. Sina digrii ya kemia. Nimetoa mizigo bandarini miaka mingi na makaratasi ya bidhaa ndiyo yaliyonilisha, kwa hiyo nitaongelea zaidi makaratasi.

Nianze na hoja yangu ili asiyependa maelezo marefu aondoke nayo: cheti hakikwangui rangi. Mpaka apatikane mtu aliyeuchukua mdoli wenyewe, wa toleo lile lile lililopakiwa, akaukwangua na kuipima rangi yake, vingine vyote ni ahadi. Na mfano mzuri kuliko yote hautoki Kariakoo. Unatoka Mattel, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za midoli duniani, wenyewe ndio wenye Barbie na Fisher-Price.

Tarehe 2 Agosti 2007 Mattel walitangaza kuondoa sokoni vitu vya kuchezea vya Fisher-Price vipatavyo milioni 1.5 duniani, 967,000 kati yake vikiwa Marekani. Aina 83, akina Elmo, Big Bird na Dora wa vipindi vya watoto vya TV, vitu vya watoto wadogo kabisa. Rangi yake ilikuwa na madini ya risasi kupita kiwango. Na kiwango chenyewe wakati huo kilikuwa cha kulegea: tangu 1978 sheria ya Marekani iliruhusu hadi sehemu 600 kwa milioni.

Kiwanda kilichovitengeneza kiliitwa Lee Der, kilikuwa Foshan, mkoa wa Guangdong, China. Hakikuwa kiwanda cha uchochoroni, kilikuwa kimefanya kazi na Mattel miaka 15. Sasa fuatilieni mzigo ulivyopita mikono. Mattel anaagiza kwa Lee Der. Lee Der ananunua rangi kwa muuza rangi wake wa siku zote. Muuza rangi anaishiwa poda ya njano, oda inasubiri, meli ina tarehe yake. Kwa mujibu wa taarifa zilizoandikwa wakati ule, akaingia mtandaoni akapata muuzaji mwingine mwenye poda na vyeti vya kuonyesha haina risasi. Vyeti vilikuwa vya uongo. Rangi ikachanganywa, midoli ikapakwa, makontena yakaondoka. Yaani ukiangalia faili la mzigo ule, kila karatasi iko mahali pake!

Na nani aliyegundua? Si serikali ya Marekani, si ya China, wala si ukaguzi wa Mattel wenyewe. Ilikuwa maabara iliyokuwa ikipima kwa niaba ya Auchan, wale wenye maduka makubwa ya Ufaransa. Mnunuzi aliyeamua kulipia kipimo chake mwenyewe.

Siku chache baada ya tangazo, mwenye kiwanda, Zhang Shuhong, alikutwa amejinyonga kiwandani kwake. Aliyemuuzia ile rangi alitajwa kuwa rafiki yake wa karibu.

Tarehe 14 Agosti, tangazo la pili: vigari vya Sarge, yule wa filamu ya Cars, 436,000. Kiwanda kingine kabisa, lakini mchezo ni ule ule. Kazi ya kupaka rangi ilipelekwa kwa mtu wa pembeni ambaye alitakiwa atumie rangi iliyoidhinishwa, akatumia ya kwake. Septemba likaja la tatu.

Kwa nini watu wanaing'ang'ania risasi? Kwa sababu ni rangi nzuri, tuseme ukweli. Kromati ya risasi inatoa njano na chungwa linalowaka, halipauki juani, linafunika vizuri kwa mkono mmoja, na ni rahisi kwa bei. Mbadala wake upo miaka mingi lakini unagharimu zaidi. Kwa hiyo kila panapotokea upungufu au mtu anapobanwa bei, mkono unarudi kule.

Mwilini risasi inajifanya kalsiamu, inaingia kwenye mifupa na ubongo unaokua. WHO wanasema mtoto mdogo anafyonza mara 4 hadi 5 ya kile anachofyonza mtu mzima kutoka chanzo kile kile, na kwamba hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Zamani Marekani walikuwa wanahangaika mtoto akifika mikrogramu 10 za risasi kwa desilita ya damu, mwaka 2012 wakashuka hadi 5, mwaka 2021 wakashuka tena hadi 3.5. Kila utafiti mpya unapotoka namba inateremka.

Baada ya aibu ya 2007 Bunge la Marekani lilitunga sheria, Rais Bush akaisaini tarehe 14 Agosti 2008, mwaka mmoja kamili baada ya lile tangazo la pili. Rangi ikashushwa kutoka 600 hadi 90 kwa milioni, ambayo ni kama gramu 90 kwenye tani nzima. Plastiki na chuma chenyewe kikafungwa kwenye 100 tangu 2011. Lakini kilichobadilisha mambo, kwa macho yangu ya kiwakala, ni kingine: ikawa lazima bidhaa ya mtoto ipimwe na maabara ya mtu wa tatu iliyokubaliwa, na mwagizaji aweke jina lake kwenye cheti. Huko nyuma kampuni ilikuwa inajisemea yenyewe.

Sasa hiyo CE yenu. Hakuna alama ya "China Export", ondoeni hilo kichwani. CE ni alama ya Ulaya, na kwa midoli mingi inawekwa na mtengenezaji mwenyewe kwa kujitangaza kwamba amefuata viwango. Nyuma yake linatakiwa liwepo faili lenye ripoti za vipimo. Bila hilo faili, CE ni wino. Mwenye mashine ya kuchapa boksi anaweza kuichapa.

Kwetu Tanzania tuna utaratibu wa kukagua mzigo huko huko unakotoka kabla haujapakiwa. TBS, shirika letu la viwango, waliuanza Februari 2012, wenzao wa Kenya, KEBS, walitangulia 2005. Ni mzuri kwenye makaratasi, na kwa kontena la bidhaa moja la mwagizaji mmoja unafanya kazi. Tatizo langu ni kontena la kuchangia. Kontena moja, wenye mali kibao, humo ndani kuna pazia, vipuri vya pikipiki, kucha za bandia na katoni tatu za midoli ya mtu fulani. Hizo katoni tatu nani atazikwangua?

Karibuni tujadili.

Mtoto wa Kigamboni:

Mzee wangu shikamoo. Uzi umeshiba. Ila kwa heshima zote, sisi tumekua tunatafuna penseli, tunanyonya betri za redio, tunachezea makopo ya rangi, na tuko hapa tunaandika. Hizi stori za wazungu za kila kitu ni sumu zinachosha.

Wakala Mstaafu:

Marahaba kijana. Hujawahi kujiuliza ungekuwa nani bila hizo betri? Natania.

Ila swali lako ni la msingi. Risasi kwa kiasi kidogo haimlazi mtoto hospitali. Inampunguzia akili kidogo, umakini kidogo, na huwezi kumwangalia mtoto mmoja ukajua, kwa sababu hujui angekuwaje bila hiyo. Unaona ukipima watoto maelfu. UNICEF na shirika la mazingira la Pure Earth mwaka 2020 walikadiria watoto milioni 800 duniani, mmoja kati ya watatu, wana risasi ya mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita ya damu. Na wengi si wa Marekani.

Wewe na mimi tumekulia enzi za petroli yenye risasi pia. Afrika kusini mwa Sahara ilitolewa ilipofika mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, ilimaliza 2021. Hakuna aliyeona tofauti barabarani siku ile.

Nesi Zamu ya Usiku:

Niongezee upande wa kidogo na kingi. Kuna mtoto wa miaka minne, Minneapolis, Februari 2006. Alimeza kidani cha umbo la moyo kilichokuwa kinatolewa bure ukinunua viatu vya Reebok. Alitapika, wakadhani ni tumbo la kawaida, akarudi hali mbaya, akafariki. Damu ilikuwa na mikrogramu 180 za risasi kwa desilita. Kidani kilipopimwa kilikuwa asilimia 99 risasi. Si rangi, ni risasi tupu iliyopakwa mng'aro. Reebok waliondoa sokoni 300,000 na baadaye walipigwa faini ya dola milioni 1.

Kwa hiyo wazazi, midoli sawa, lakini mimi ninachokiogopa zaidi ni vipete, hereni na vikuku vya bei ya chee vinavyouzwa na pipi. Kikiwa kizito kuliko ukubwa wake na kinakunjika kirahisi, usimpe mtoto anayeweka vitu mdomoni.

Wakala Mstaafu:

Asante nesi. Na mwendelezo wake unaudhi zaidi. Risasi ilipobanwa, watengenezaji wa vito vya watoto wakahamia kadimi, metali nyingine yenye sumu, ambayo sheria mpya haikuibana vile kwenye vito. Januari 2010 shirika la habari la AP walipeleka vito maabara wakakuta kadimi imejaa. Juni mwaka huo huo McDonald's wakaondoa sokoni glasi milioni 12 zenye picha za Shrek kwa sababu rangi yake ilikuwa na kadimi. Ukifunga mlango mmoja kwa jina la kemikali moja, mtu anatafuta kemikali jirani.

Dunia Duara:

Mimi naona vingine. Viwango vyote hivi ni vita ya biashara. Wazungu wanachafua jina la China ili tununue vyao kwa bei mara tano. Wao wenyewe ndio wanaoagiza huko.

Wakala Mstaafu:

Hapo mkuu uko nusu sahihi, na nusu hiyo ni tamu.

Mwaka 2007 Mattel waliondoa sokoni zaidi ya vitu milioni 20 kwa jumla. Vingi, zaidi ya milioni 18, havikuwa na shida ya rangi. Vilikuwa na sumaku ndogo zinazong'oka. Mtoto akimeza mbili, zinavutana humo tumboni na kutoboa utumbo. Hilo lilikuwa kosa la mchoro, na mchoro ulitoka kwa Mattel wenyewe, si China. Lakini dunia nzima ilishika "midoli ya China ina sumu". Tarehe 21 Septemba 2007 bosi wao mmoja, Thomas Debrowski, akapanda ndege hadi Beijing kuomba radhi mbele ya kamera, kwa Li Changjiang, mkuu wa idara ya ubora ya China. (Li huyo huyo alijiuzulu mwaka mmoja baadaye kwa kashfa ya maziwa yenye melamini, kemikali ya viwandani. Dunia kweli duara, jina lako zuri.)

Kuna jingine. Ile sheria ya 2008 iliwaangukia wachonga midoli wadogo wa Marekani, mtu na mkewe gereji, wanaotumia mbao na nta ya nyuki. Kupima kila aina ya mdoli maabara kuligharimu kuliko walichouza, mpaka 2011 Bunge likawapunguzia. Mattel je? Agosti 2009 waliruhusiwa kupima kwenye maabara zao wenyewe, kwa masharti kwamba maabara isiingiliwe na mauzo. Aliyeleta kashfa anajipima, asiyewahi kugusa risasi analipia foleni. Faini yao ya serikali kuu ilikuwa dola milioni 2.3, mwaka ambao kashfa ilitokea waliuza karibu dola bilioni 6.

Kwa hiyo siwatetei. Ninachokataa ni kusema kwamba kwa kuwa biashara imo ndani, basi risasi haimo.

Mama Wawili:

Naomba kuuliza wakubwa. Mimi nafungua belo za midoli ya mtumba kutoka Ulaya, za Uingereza hasa. Wateja wangu wanazipenda kwa sababu "za mzungu ni salama". Sasa mnanitisha. Ni kweli ni salama kuliko za dukani?

Mswahili wa Leicester:

Dada, mimi niko huku zinakotoka. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Plymouth walitoa utafiti wa plastiki za watoto za mtumba, vitu 200 walivyovitoa majumbani, shule za chekechea na maduka ya hisani kusini magharibi mwa Uingereza. Walikuta risasi, kadimi, kromiamu na wenzake kwenye vingi, hasa vya rangi ya njano, nyekundu na nyeusi. Baadhi ya matofali ya zamani ya kuunganisha yalikuwa na kadimi kwenye ile nyekundu na njano ya kuvutia. Sababu ni rahisi: vilitengenezwa kabla ya sheria za sasa, na plastiki haiozi. Sheria mpya haifuati mdoli uliokwisha kuuzwa.

Na huku bidhaa ikitangazwa kuondolewa sokoni, wengine wanairudisha dukani, wengine wanaitupia kwenye mfuko wa hisani. Mfuko unakwenda kwenye belo. Belo linakuja kwako. Lile tangazo linabaki huku.

Ushauri wangu: tenga vya zamani vyenye rangi iliyopakwa juu na kubanduka, hivyo usiuze. Vyenye nembo ya kampuni na mwaka wa karibuni, endelea navyo. Midoli ya nguo ina shida ndogo zaidi upande huu, ifue tu na kagua macho na vifungo visiwe vinang'oka.

Mama Wawili:

Nashukuru kaka. Nina gunia zima la vigari vya chuma vinavyobanduka rangi. Basi.

Mjamzito Tegeta:

Na vile vibata vya plastiki laini vya kuogea, vinavyonuka mpya? Mume wangu kaleta kumi na mbili, kama vile tunafungua bwawa.

Nesi Zamu ya Usiku:

Hongera mama kijacho. Harufu haikuambii risasi, risasi hainuki. Ila plastiki laini ya PVC inalainishwa na mafuta ya kikemikali, familia inaitwa thaleti, na hayakushikamana na plastiki, yanatoka polepole mtoto akinyonya au kutafuna. Baadhi yanavuruga homoni. Ulaya waliyazuia kwa dharura Desemba 1999, kisha moja kwa moja kwa agizo la 2005: matatu yasizidi asilimia 0.1 kwenye kitu chochote cha kuchezea, mengine matatu kwenye vinavyoweza kuingia mdomoni. Marekani walifuata na ile ya 2008. Mwaka 2025 Ulaya wamekubaliana kanuni mpya inayokwenda mbali zaidi, inabana vivuruga homoni kwa ujumla na bisphenoli (kemikali nyingine za plastiki), badala ya kutaja jina moja moja. Wamejifunza kwenye ile kadimi.

Kwako: kibata kinachoandikwa kabisa kuwa hakina PVC au kimetengenezwa kwa silikoni au mpira wa asili ni bora. Kumi na mbili ni vingi lakini hiyo ni kesi yenu wawili.

Fundi Redio:

Hamjagusa plastiki nyeusi. Mimi navunja televisheni mbovu kila siku. Kasha la nyuma lina kemikali ya kuzuia moto, za bromini. Likisagwa linauzwa kama plastiki ya kuyeyusha tena, na linaweza kuishia popote. IPEN, mtandao wa mashirika ya mazingira, mwaka 2017 walitoa ripoti ya vile vibox vya fumbo vya kuzungusha rangi (Rubik's cube), vilivyonunuliwa nchi nyingi, na humo walizikuta kemikali zile zile za makasha ya umeme. Mtoto hana haja ya kinga ya moto kwenye fumbo lake.

Mtoto wa Kigamboni:

Sawa nimelegea. Sasa kuna vile vijiti vya kupima nyumbani, unapaka kinabadilika rangi. Niagize?

Wakala Mstaafu:

Hifadhi hela yako. Mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani yenyewe ilivijaribu Oktoba 2007 na ikasema haviaminiki: vinakosa risasi iliyopo, na vinaonyesha isiyokuwepo. Na rangi ikiwa na tabaka juu, kijiti hakifiki chini.

Dada wa Kongo Mtaa:

Mzee Wakala, mimi ndiye mwenye katoni tatu kwenye kontena la watu! Nacheka hapa. Nakwenda soko la Yiwu, China, nanunua kwenye vibanda, wale wanauza tu, kiwanda kiko Chenghai, Guangdong huko. Nikisema "safety" wananipa karatasi yenye mihuri. Niulize nini hasa?

Wakala Mstaafu:

Dada, karibu, wewe ndiye niliyekuwa namtafuta. Wenye kontena zima wana watu wa kuwashauri.

Kwanza usiombe cheti, omba ripoti ya kipimo. Ripoti ina kurasa, ina jedwali la namba, na ina picha ya kitu kilichopimwa. Picha ikiwa ya kigari na wewe unanunua bata, mrudishie. Angalia namba ya bidhaa iwe ile iliyo kwenye boksi lako. Angalia tarehe, ripoti ya miaka minne iliyopita inasema habari za rangi ya miaka minne iliyopita. Kisha angalia kiwango kilichotumika. Kwa metali zinazotoka kwenye rangi utaona EN 71-3 au ISO 8124-3. Hii ya pili ina metali nane, risasi na kadimi zikiwemo, na risasi inayotoka haitakiwi kuzidi miligramu 90 kwa kilo. Ile EN 71-3, ya Ulaya, ina 19. Ukiona EN 71-1 peke yake, hiyo ni ya umbo na nguvu, visehemu visibanduke, haisemi lolote kuhusu sumu. Wengi wananaswa hapo.

Halafu namba ya ripoti: maabara kubwa zina ukurasa wa kuihakiki mtandaoni. Ingiza pale pale kibandani, mbele yake. Wengine watakunyang'anya karatasi kabla hujamaliza kuandika, na hilo nalo ni jibu.

Ukiwa na wenzako wa mtaa mmoja mnaochukua aina moja, changeni mpime aina moja au mbili maabara huko huko Guangdong kabla ya kulipia yote. Gharama ya kipimo ikigawanywa kwa watu sita haiumi kama mnavyoogopa.

Dada wa Kongo Mtaa:

Sita tupo, tatizo kuaminiana. Na mdoli wa kupima nautoa wapi, ule wa mezani?

Wakala Mstaafu:

Hapana. Wa mezani umepakwa rangi ya maonyesho. Mzigo wenu ukishatoka kiwandani, fungua katoni ya katikati, si ya juu, chukua mmoja wa njano na mmoja mwekundu.

Dada wa Kongo Mtaa:

Katoni ya katikati, njano na nyekundu. Nawaita wale watano kesho tuone nani anatoa hela kwanza.